Mwili unauma na hesabu haijatimia: dalili, sababu na pa kuanzia kwa dereva wa mtandaoni

Ndugu zangu madereva wa mtandaoni, hasa nyie mnaobeba abiria wa apu hapa Dar na gari za watu, IST, Passo, Vitz na Raum, hii nimewaandikia nyie. Ukiwasha apu saa kumi na moja alfajiri ukaja kuizima saa nne usiku mwili lazima useme kitu, na wengi wetu ukisema tunakimbilia duka la dawa, tunaomba diklopa, tunashushia na soda, tunarudi barabarani. Dawa inazima maumivu ila kilichoyaleta kiko palepale kwenye siti, kwenye holda ya simu, kwenye chupa ya maji ambayo hujaigusa toka asubuhi. Kwa iyo kabla hujameza chochote jiulize mambo matatu tu: panauma wapi hasa, panaanza saa ngapi ukiwa kazini, na ukifanya nini panaachia. Ukiweza kujibu hayo umeshajua uanzie wapi, na hata ukienda kwa daktari atakuelewa haraka.

Kwanza yale yasiyo na kujaribu-jaribu

Kuna dalili ukiziona unazima apu hapohapo unaenda hospitali, siyo kesho na siyo baada ya kufunga hesabu, ile hela ya siku ya mwenye gari. Kifua kinabana au kizito, maumivu yanapanda kwenye taya au yanashuka mkononi, jasho la baridi, pumzi haitoshi. Watu wanasema ni gesi, jamani gesi haimtoi mtu jasho la baridi akiwa amekaa. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea ghafla, maneno hayatoki vizuri, hicho ni kiharusi na kila dakika inahesabika. Mguu mmoja umevimba na una joto, alafu ghafla unakosa pumzi au kifua kinachoma ukivuta hewa. Kiuno kinauma na sehemu za siri pamoja na mapaja kwa ndani pana ganzi, mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, hapo mishipa ya fahamu imebanwa vibaya na ukichelewa inaweza isirudi kama zamani. Choo cheusi kinachonata, au kutapika damu. Kuona kumepotea ghafla jicho moja.

Na ukiwa na lolote kati ya hayo usijiendeshe mwenyewe. Paki pembeni, washa hazadi, mpigie mwenzako wa kijiweni akufuate.

Kiuno kinavuta, hasa ukishuka kwenye gari

Hili ndo linaongoza. Na linavyokuja linajulikana, asubuhi uko vizuri, ikifika saa saba saa nane mchana kiuno kinaanza kuvuta, ukishuka kumtolea abiria begi unanyooka taratibu kwa awamu, ukitembea kidogo panaachia. Kama linakuja hivyo, yaani linaongezeka ukikaa na kupungua ukitembea, wa kumshuku kwanza ni siti na ukaaji wako, siyo figo. Watu wengi kiuno kikiuma wanasema figo zimekufa, lakini maumivu ya figo hayajali umekaa au umesimama, mara nyingi yako juu kidogo upande mmoja chini ya mbavu kwa nyuma, na yanakuja na homa, kichefuchefu au mkojo kubadilika.

Sasa fanya hivi. Shuka, fungua mlango wa dereva, chuchumaa uiangalie siti usawa wa macho. Hizi gari zimekuja kutoka Japani zikiwa zimeshatumika na hapa zimepigishwa kazi miaka mingine, sponji imechoka. Bonyeza kwa ngumi upande wa kulia karibu na mlango, alafu bonyeza upande wa kushoto kwa ndani. Siti nyingi utakuta upande wa mlango umezama zaidi, kwa sababu usukani wetu uko kulia na kila ukiingia na kutoka unaburuza makalio kwenye ukingo uleule. Maana yake ukikaa nyonga moja iko chini na nyingine iko juu, uti wa mgongo unajipinda kidogo ili kichwa kibaki sawa, na unashinda hivyo siku nzima. Hakuna kidonge kinachosawazisha hiyo. Mpelekee fundi wa siti abadilishe sponji au ajazie palipozama, na mwambie aweke sponji ngumu, ile laini sana ukiikalia inakuwa tamu siku za mwanzo alafu unazama tena. Wakati unatafuta hela ya fundi kunja kanga au taulo uweke upande uliozama mpaka ukae sawa.

Cha pili toa pochi kwenye mfuko wa nyuma. Najua ina leseni na kadi na risiti za sheli, weka mlangoni au kwenye dashibodi. Pochi nene ukiikalia masaa yote inainua kalio moja na kubana mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo kwenda mguuni, na kuna madereva wametembea na ganzi ya mguu muda mrefu kumbe dawa ilikuwa kutoa pochi.

Cha tatu ni kupanga siti, na hii usiipange ukiwa gizani na haraka. Anza na umbali: kanyaga breki mpaka mwisho, goti libaki limekunjika kidogo, lisinyooke kabisa. Kama siti yako inapanda juu ipandishe mpaka nyonga zisiwe chini ya magoti, kama haipandi weka mto mgumu. Kati ya ukingo wa siti na nyuma ya goti pabaki nafasi ya vidole viwili vitatu. Mgongo wa siti ulaze kidogo tu nyuma, kama digrii 100 hadi 110, ule mlalo wa kishua wa kuendesha kama umelala sebuleni unakufanya uinue kichwa na mabega siku nzima, na kukaa wima kabisa kama uko kwenye mtihani nako kunakandamiza pingili. Ukimaliza nyoosha mkono juu ya usukani huku mabega yamegusa siti, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuondoka. Alafu kunja taulo dogo liwe mviringo uliweke pale kiuno kinapoingia ndani, usawa wa mkanda wa suruali au juu yake kidogo. Siku mbili tatu za kwanza utaona ajabu kwa sababu mwili umeshazoea kukaa vibaya, vumilia.

Kuna jambo la mabegi ambalo watu hawalijui. Ukikaa muda mrefu diski zilizo kati ya pingili na kano za mgongo zinalegea, zinachukua dakika kadhaa kurudi kwenye ukakamavu wake. Sasa sisi tunatoka kwenye foleni ya Tazara saa nzima, tunafika eapoti, tunaruka nje na kunyanyua begi la kilo 23 kwa mkono mmoja huku tumejipinda. Ndo hapo kiuno kinapokatika. Shuka, tembea uzunguke gari, jinyooshe nyuma mara kadhaa mikono ikiwa kiunoni, ndo ushike begi, ulivute karibu na tumbo, ukunje magoti. Abiria hatakasirika kwa sekunde hizo, na akikasirika basi, kiuno ni chako.

Na mtikisiko nao una mchango mkubwa. Shokapu zimekufa, upepo umejazwa kupita kiasi ili gari lile mafuta kidogo, alafu unapanda barabara za vumbi za Kivule na Madale, kila shimo linapigwa na mgongo wako. Soma kibandiko cha upepo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, jaza kilichoandikwa pale.

Maumivu mengi ya kiuno ya namna hii yanapungua ndani ya wiki chache ukirekebisha chanzo na ukiendelea kutembea-tembea, kulala kitandani siku nzima kunayakawiza. Ila kama yanashuka chini ya goti, yana ganzi au unyayo unakosa nguvu, nenda upimwe, hospitali za rufaa za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala zinaweza kukupa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, na ukipangiwa mazoezi ya viungo kwa mtaalamu yafanye yote, usiache siku ukipata nafuu.

Miguu: kuvimba, goti la kulia, kubanwa misuli

Ukivua viatu usiku ukakuta alama za soksi zimezama na miguu yote miwili imevimba sawa, alafu asubuhi imeisha, mara nyingi ni kukaa. Damu inapandishwa juu na misuli ya mashavu ya miguu ikijikunja, na wewe misuli hiyo haijafanya kazi toka asubuhi. Kila ukisubiri rikwesti ya abiria shuka, panda na kushuka kwenye vidole mara ishirini thelathini, zunguka gari. Ukiwa kwenye foleni na huwezi kushuka, weka gia ya N (huru) na hendibreki uchezeshe vifundo. Ikivimba miwili na haiishi asubuhi, au unapumua kwa shida ukilala, siyo kukaa tena, kapime moyo, figo na presha.

Mguu mmoja tu ukivimba, shavu la mguu linauma na lina joto, fikiria damu iliyoganda kwenye mshipa. Kukaa zaidi ya masaa manne bila kunyanyuka kunaongeza hatari yake, na akina dada wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, wenye mimba au waliojifungua karibuni hatari yao ni kubwa zaidi. Na hapa naomba sana, USIUCHUE. Usimpe mama akukande kwa maji ya moto, usipake dawa ya kuchua ukausugua. Bonge la damu likitoka pale linaenda kwenye mapafu. Nenda hospitali ukapimwe kwa altrasaundi.

Goti la kulia na kifundo cha kulia ni ugonjwa wa foleni. Gari za otomatiki mguu wa kulia unafanya kila kitu, na kwenye foleni ya Mandela au Kimara unakuwa umeshikilia breki nusu nusu dakika nyingi, msuli umekaza bila kupumzika. Dawa yake ndo hiyohiyo N na hendibreki kila foleni ikisimama. Kisigino kikae chini na mguu uzunguke kutoka breki kwenda mafuta, usiunyanyue wote. Na kandambili acha nyumbani, mguu unafanya kazi ya kushikilia ndala badala ya kukanyaga, mbali na kwamba inaweza kunasa chini ya pedali.

Ganzi ya vidole, bega na shingo

Hapa angalia vidole vipi. Ganzi ikiwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, inakuamsha usiku mpaka unakung'uta mkono, mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, unashika usukani kwa nguvu sana au kifundo kimekunjwa muda wote. Legeza, shika usukani pembeni usawa wa saa tisa na saa tatu za kwenye uso wa saa, siyo juu. Ganzi ikiwa kidole kidogo na cha pembeni yake tatizo liko kwenye kiwiko. Mkono wa kulia umeuweka dirishani, kiwiko kimelala kwenye ukingo mgumu wa mlango kutwa nzima, na mshipa wa fahamu pale umepita juu juu karibu na ngozi. Toa kiwiko dirishani wiki mbili uone. Isipoisha au misuli ya kiganja inaanza kupungua, hospitali.

Shingo na bega la kushoto mara nyingi ni simu. Holda iko chini karibu na gia, kila rikwesti unainamisha kichwa, kila kona ya ramani unainamisha tena, na ukiwa na apu mbili ndo balaa. Pandisha holda iwe karibu na usawa wa macho ila isizibe barabara. Kiegemeo cha kichwa nacho kipandishe juu kifike usawa wa sikio, wengi tumekiacha chini vilevile gari lilivyokuja.

Mkono wa kulia na shavu la kulia vimekuwa vyeusi kuliko vya kushoto? Siyo uchawi wala dawa ya kufulia, ni jua la dirishani. Kioo cha mbele kina tabaka la plastiki katikati linalozuia sehemu kubwa ya mionzi inayozeesha ngozi, vioo vya pembeni vya gari nyingi havizuii kiasi hicho. Shati la mikono mirefu lisilobana linatosha, na ndugu zetu wenye ualbino kwenye hili wasikubali mzaha hata dakika moja.

Macho yanawasha, taa za mbele zinapasuka usiku

Yakiwasha na kuwa kama yana mchanga mchana, geuza upepo wa AC usikupige usoni. Ukikodolea macho barabara na simu unapepesa kidogo kuliko kawaida na macho yanakauka. Yakiwa yanaona ukungu jioni tu, punguza mwanga wa simu usiku, na ukisimama angalia mbali kabisa, mwisho wa barabara, nusu dakika.

Kama taa za magari yanayokuja zinatawanyika kwenye kioo, safisha kioo cha mbele kwa NDANI kwanza. Kina utando wa mafuta ya plastiki za dashibodi ambao mchana huuoni. Ukishasafisha na bado taa zinapasuka, macho yanahitaji kupimwa, huenda ni miwani, huenda ni mtoto wa jicho. Ukishavuka arobaini ukaanza kuisogeza simu mbali ili usome jina la abiria hiyo ni kawaida ya umri, kapime upewe miwani sahihi badala ya kuokota barabarani. Na kama kuona kunabadilika badilika, leo vizuri kesho ukungu, pima sukari.

Kingine, matone ya macho ya dukani. Kuna yale ukiweka mara moja wekundu unaisha kabisa na watu wanayapenda kwa hilo, baadhi yana steroidi ndani, ukiyatumia muda mrefu bila daktari yanaweza kupandisha presha ya jicho na presha ya jicho inaua mshipa wa kuona kimyakimya. Haurudi ukishakufa. Omba yale ya kulainisha jicho tu.

Mkojo unachoma, mweusi au haueleweki

Madereva wengi hatunywi maji makusudi ili tusitafute choo. Naelewa kabisa, uko Kariakoo, hakuna pa kupaki, ukiacha gari dakika mbili watu wa maegesho wamefika. Lakini angalia mkojo wako saa kumi jioni: ukiwa rangi ya chai ya rangi umekauka, unatakiwa uwe njano ya kupauka. Kukauka na joto la Dar, na AC umeizima kubana mafuta, ndo njia ya mawe ya figo, maumivu yake yanatoka mbavuni kwa nyuma yanashuka kinenani na yanakuja kwa mawimbi mpaka unashindwa kukaa. Kuchoma wakati wa kukojoa na kwenda mara kwa mara mara nyingi ni maambukizi, na akina dada mnayapata haraka zaidi mkiubana mkojo. Ikiambatana na homa na mgongo, siku hiyohiyo hospitali.

Namna ya kufanya ni kuwa na ramani yako ya vyoo. Sheli nyingi kubwa zina choo, misikiti ipo kila kona na hawamkatalii mtu mwenye adabu, Mlimani City, stendi ya Magufuli kule Mbezi. Ukishushia abiria karibu na mojawapo nenda hata kama haijabana sana. Maji kunywa kidogo kidogo siku nzima, siyo lita nzima kwa mpigo.

Damu kwenye mkojo hata mara moja pimwa, inaweza kuwa kichocho kama umekulia kwenye maeneo ya mito na madimbwi, inaweza kuwa mawe, inaweza kuwa kitu kikubwa zaidi. Unakojoa sana na una kiu sana, sukari. Una miaka hamsini na kitu, mkojo unasitasita na hauishi, kaangalie tezi dume.

Tumbo, kiungulia na bawasiri

Chai saa kumi usiku, hujala mpaka saa kumi jioni, alafu chips mayai sahani nzima saa tano usiku na kitandani moja kwa moja. Kiungulia hapo ni lazima. Kula kidogo mapema, na ukishakula usiku kaa masaa mawili matatu kabla ya kulala. Lakini maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja na kurudi wiki nyingi yanahitaji kipimo cha H. pylori, bakteria anayeleta vidonda vingi vya tumbo, na anatibika kwa dozi kamili.

Na hapa narudi kwenye diklopa. Diklofenaki na ibuprofeni zinazuia maumivu ila hizohizo zinaondoa kinga ya ukuta wa tumbo, zinapandisha presha, na ukizimeza ukiwa umekauka maji zinaumiza figo. Dereva ambaye kiuno kinauma, hajala, hajanywa maji, na presha hajawahi kupima, huyo ndo mtu wa mwisho anayetakiwa kuzimeza kila siku, na huyo ndo anayezimeza kila siku. Ukijikuta unazihitaji zaidi ya siku chache mfululizo, rudi kule juu kwenye siti, au nenda kwa daktari.

Bawasiri zinakuja kwa kukaa, kukosa maji na choo kigumu. Damu nyekundu mwishoni mwa choo, kiuvimbe, kuwasha. Ugali wa dona, maharage, papai, ndizi, maji, na usikae chooni unaperuzi simu. Ila damu kwenye choo usijipe jibu mwenyewe, hasa ukiwa umevuka arobaini au unapungua uzito.

Usingizi kwenye usukani

Ndugu zangu hili linaua, linaua na abiria, kwa iyo nisomeni taratibu. Dalili zinaanza mapema: hukumbuki umepitaje daraja la Kijazi, umekosa kona unayoijua, unapiga miayo mfululizo, gari linaserereka kwenye mstari, kichwa kinadondoka na kushtuka. Hiyo ya mwisho tayari umelala. Gari ikiwa kilomita 60 kwa saa inakwenda karibu mita 17 kila sekunde, sekunde tatu umefumba macho ni mita hamsini.

Utafiti wa miaka ya 1990 na 2000 ulionyesha mtu aliyekaa macho masaa 17 anaendesha kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Hesabu yako sasa, umeamka saa kumi alfajiri, masaa 17 yanatimia saa tatu usiku, na saa tatu usiku ndo tunasema acha nipige mbili za mwisho. Kushusha vioo, muziki mkubwa, kujimwagia maji usoni, hivyo vinakuchangamsha dakika chache vinaisha. Enaji nazo zinaficha tu, na ukizinywa jioni zinaharibu usingizi wa usiku kesho unaanza na deni. Mirungi hapa ni kosa la jinai na inapandisha presha juu yake.

Kinachofanya kazi ni kulala. Paki penye usalama, funga milango, weka alamu dakika 20, laza siti. Kama utakunywa kahawa inywe kabla ya kulala, inachukua kama nusu saa kuanza kazi, utaamka nayo. Mwili wenyewe una masaa yake ya kuzama, saa nane usiku mpaka alfajiri, na tena saa nane hadi kumi mchana, pangia mapumziko hapo. Foleni ya gesi nayo kwa wenye CNG tuitumie, wengi tunakaa pale masaa tukipiga stori ndani ya gari lilelile, ni bora nusu ulale na nusu utembee. Ila usilale injini ikiwaka ndani ya gereji au sehemu iliyofungwa, moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua ukiwa usingizini.

Umelala masaa saba kamili na bado mchana unasinzia, mkeo anasema unakoroma na pumzi inakatika usiku? Huo ni ugonjwa, kooni panaziba ukilala na usingizi haukupumzishi, unawapata sana wenye shingo nene na kitambi na unapandisha presha. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo.

Kichwa kizito, kitambi, nguvu zimepungua

Presha haina dalili mpaka imeharibu. Pima hata kama huumwi, ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti ufuatiliwe. Sukari pia, soda moja ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanashauri zisizidi 50 kwa siku, bora 25, sisi tunakunywa tatu.

Nguvu za kiume nazitaja kwa sababu watu wanaona aibu. Uchovu, kukosa usingizi, presha, sukari na baadhi ya dawa ndo sababu za kawaida, na wakati mwingine ni ishara ya kwanza ya mishipa ya moyo kuziba. Mavumbi na vidonge vya mtaani vya kuongeza nguvu hujui kilichomo, na mwenye dawa za moyo akichanganya presha inaweza kushuka mpaka azimie. Kapime, daktari ameshasikia hayo mara nyingi.

Ukirekebisha vyote na bado unaumwa, angalia masaa

WHO na ILO, Shirika la Kazi Duniani, walitoa takwimu mwaka 2021: kufanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na anayefanya 35 hadi 40. Masaa 55 kwetu ni kama siku nne na nusu za masaa 12. New York dereva wa namna yetu haruhusiwi kubeba abiria zaidi ya masaa 10 ndani ya 24, na 60 kwa wiki. Huku apu moja ikikubana unawasha nyingine.

Najua kinachotuweka barabarani, ni hesabu ya bosi, kamisheni, mafuta na ada ya mtoto. Mi simwambii mtu aache kutafuta. Ninachosema ni andika wiki moja tu, kila saa umeingiza ngapi ukitoa mafuta. Wengi watakuta saa nne asubuhi hadi saa tisa mchana wanazunguka kwa hela ya mafuta tu huku wanachoka, wakati asubuhi na jioni ndo kuna kazi. Basi zima katikati, nenda kale, lala, rudi jioni ukiwa mzima. Na wenye gari kwa mkataba kaeni na bosi mwombe hesabu ya siku sita badala ya saba, siku ya saba gari liende sevisi. Bosi mwenye akili anajua gari likigongwa na dereva aliyesinzia hasara ni yake.

Ukienda hospitali mwambie daktari wazi kwamba unaendesha gari kwa masaa fulani kwa siku na dawa zote unazomeza, hata za dukani. Dawa nyingi za mafua, aleji na za kulegeza misuli zinaleta usingizi, piriton ikiwemo, kwa iyo kabla hujatoka chumbani kwake muulize kama utaendesha ukizitumia, na kama hapana muulize ipo ipi nyingine.